Sekunde Zilizokatwa na Kisu

Daktari wa masikio aliuliza swali moja tu: ilianza lini? Mama Kasuku akafungua mdomo, akaufunga. Huyu ni mtu ambaye ukimuuliza shahidi wa tatu wa kesi ya mpaka wa shamba alisema nini mwaka juzi, atakuletea karatasi kabla hujamaliza chai yako. Leo ameulizwa habari za mwanawe wa kumzaa, mtoto anayelala naye chumba kimoja, akabaki anaikodolea macho kalamu ya daktari.

Daktari hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Vipimo alikuwa navyo mezani: sikio la kulia karibu limekufa, la kushoto linalifuata. Akavuta kiti mbele.

"Mama, dawa ipo," akasema. "Lakini ni kali kwa mtoto wa umri huu. Kama tatizo lina wiki tatu au nne, naanza kesho asubuhi, na huenda tukaokoa kitu. Kama lina miezi, nitakuwa namuumiza bure. Kwa hiyo nataka tarehe. Sitaki 'nadhani'."

Kasuku mwenyewe, miaka mitano, alikuwa kwenye kiti cha tatu akibembeza miguu na kumchekea daktari. Jina hilo alibandikwa na baba yake tangu ana miaka miwili, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Ni dakika kumi tu zilikuwa zimepita tangu daktari azibe mdomo wake kwa karatasi na kusema kwa sauti ya kawaida, "Kasuku, nipe mkono." Mtoto aliitazama ile karatasi. Halafu akageuka kuutazama mdomo wa mama yake, na mdomo wa mama yake ulikuwa umefungwa.

Mama akakumbuka, akapata nguvu ghafla. Alimwambia daktari kwamba anazo rekodi za mtoto, za kila jioni, mwaka mzima na ushee, kwa ajili ya baba yake aliye mbali. Daktari akaweka kalamu chini. Alisema hajawahi kupata mzazi mwenye kitu kama hicho, azilete kesho saa mbili. Alichotaka kusikia ni kitu kimoja: mama anauliza, halafu mtoto anachukua muda gani kabla ya kujibu.

Alimshika Kasuku mkono, akaaga, na walipofika kwenye ngazi ilimbidi asimame ashike ukuta. Ili ujue kwa nini, inabidi tupite kwanza kazini kwake.

Mama Kasuku ni mnakili wa mahakama. Kesi zinarekodiwa, naye anakaa chumba cha nyuma na wenzake wawili, hedifoni masikioni, mguu kwenye pedali ya kusimamisha na kurudisha sauti, anachapa kila neno lililosemwa. Asiyeifanya kazi hiyo huiona lelemama. Nusu ya kesi ni kimya: wakili anatafuta karatasi yake, shahidi anafikiri, karani anakwenda kufunga dirisha. Wenzake walivumilia tu, wakisinzia kwenye kimya na kushtuka kwenye maneno. Yeye si mvumilivu hata kidogo. Mtu anayesimama naye kwenye foleni atakwambia. Kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa kuuliza huku na kule na kuharibu vitu, mpaka akawa anaandika programu ndogondogo za mistari ishirini, thelathini, za kumpunguzia mzigo. Kila moja aliipa jina kama mfanyakazi wake. Kisu alikata kimya chote kinachozidi nusu sekunde. Tarishi alichukua faili na kulipeleka linakotakiwa. Mfagizi alifuta yaliyobaki, maana kompyuta ile ilikuwa kongwe na ilijaa haraka.

Saa tatu za kesi zikawa saa moja na nusu. Wenzake walimwona mchawi. Msajili wa mahakama, mtu ambaye sifa yake kubwa kwa mfanyakazi ni kutomkaripia, alimtafutia kiti chenye mgongo. Mwanamke akavimba kichwa kidogo, na nani asingevimba?

Kisha hakimu mmoja akamwita. Kwenye kurasa alizochapa, shahidi ameulizwa kama alikuwepo siku ya tukio, na chini yake kumeandikwa "Hapana". Hakimu alikumbuka kwamba yule mtu aliinamisha kichwa na kunyamaza muda mrefu kabla ya kuitamka hiyo hapana, naye alitaka kujua ni muda gani hasa. Rekodi iliyobaki haikuwa na kimya chochote. Kisu alikuwa amepita, na Mfagizi nyuma yake.

"Mama, kunyamaza nako ni ushahidi," hakimu akamwambia, bila kufoka. "Ukikuondoa, mimi nitajuaje?"

Alirudi kwenye kiti chake chenye mgongo akiwa amefyata mkia. Siku hiyohiyo alimkataza Mfagizi kugusa rekodi za mahakama, na akamwongezea Kisu mistari michache ili aweke daftari: kila faili, tarehe yake, urefu liliokuja nao, urefu liliotoka nao, sekunde zilizokatwa. Wiki ya kwanza Kisu alikuwa akimwonyesha hesabu hizo kwenye kioo cha kompyuta kila anapomaliza kazi, zikamkera, akamwamuru aandike kimyakimya bila kumsumbua mtu. Kisu ni programu. Ukimwambia anyamaze, ananyamaza.

Sasa twende nyumbani. Mumewe ni fundi mitambo mgodini, huko ambako likizo ni mara mbili kwa mwaka na mtandao unapanda na kushuka kama homa. Faili la dakika tatu lingeweza kuchukua asubuhi nzima kuingia kwenye simu yake, au lisiingie kabisa. Mkewe akapata wazo ambalo alilionea fahari: wale watumishi wa kazini wafanye na kazi ya nyumbani. Kila jioni baada ya kuoga, Kasuku alikaa kwenye kigoda mbele ya kioo cha kabati, mama nyuma yake na chanuo, simu juu ya kitanda inarekodi. Waliiita barua ya baba. Maswali yalikuwa yaleyale. Leo umecheza na nani? Umekula nini? Baba tumwambie nini? Mama alichana nywele, akauliza, akainamisha kichwa kutafuta njia ya nywele, akainua kichwa, na mtoto akajibu. Kesho yake kazini, simu ikiunganishwa na kompyuta, Kisu alikata, Tarishi akapeleka, Mfagizi akafagia. Katazo la Mfagizi lilihusu mahakama tu. Za nyumbani hakuzifikiria, na kwa nini azifikirie? Zilikuwa habari za mwanasesere na ugomvi wa nani kamsukuma nani kwenye bembea.

Baba Kasuku alipokea kitoto kinachobwabwaja bila kupumua. Aliwasikilizisha wenzake wakati wa chai, wakacheka, wakamjua mtoto kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Alipopiga simu alisema mwanangu huyu atakuwa wakili.

Na yalikuwepo mambo, ukitaka kuyaona. Kasuku hakukubali kuchanwa nywele mahali pengine popote ila mbele ya kioo. Siku moja mama alitaka wakae barazani kwenye upepo, mtoto akalia mpaka kigoda kikarudishwa chumbani, na mama akawaambia majirani kwamba binti ana maringo kama shangazi yake. Akihadithiwa hadithi alipanda mapajani na kuweka kiganja kwenye koo la mama yake, akakiacha hapo mpaka mwisho. Mama alimwandikia mumewe: siku hizi mwanao ana mapenzi hayo. Akiitwa kutoka uani na asije, alikuwa anajitia hamnazo.

Miezi mitatu iliyopita mwalimu wa chekechea alimwita. Alisema kwa upole kwamba mtoto akiwa amempa mgongo, akimwita hageuki. Damu ikamchemka mama. Akatoa simu, akafungua barua ya jana yake, tayari imeshapitishwa kwenye Kisu, akaiweka mezani katikati ya rangi na karatasi za watoto. Umecheza na nani? Na Bonge. Umekula nini? Wali. Swali, jibu, swali, jibu, hata nzi asingepata pa kupita. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akakiri kwamba mtoto huyu anajibu upesi kuliko yeye mwenyewe, akaomba radhi. Mama Kasuku alitoka pale kifua mbele. Baadaye, katika yote, ni kile kifua mbele kilichomuumiza zaidi.

Mwalimu alikuja tena wiki mbili zilizopita, safari hii mlangoni kwake, na Kasuku ameloa chapachapa. Mvua ilishuka ghafla, akapuliza filimbi, akaita, watoto wote wakakimbilia ndani. Kasuku alibaki katikati ya uwanja, ameupa mlango mgongo, anawatafuta wenzake kwa macho. Mwalimu hakuomba radhi tena.

"Hiyo rekodi yako mimi siielewi, Mama Kasuku," akasema. "Huyu mtoto hasikii."

Basi ndiyo hayo yaliyompitia kichwani pale kwenye ngazi za hospitali. Alikwenda moja kwa moja kazini, mtoto mkononi, alasiri wenzake wawili wakiwa kwenye kesi. Alimkalisha Kasuku chini ya meza na kalamu za rangi. Akafungua folda ya barua za baba, akasikiliza ya juzi, ya mwezi uliopita, ya miezi mitano nyuma. Zote mtoto alijibu chapuchapu. Akatafuta za asili, ingawa alijua. Mfagizi ni mwaminifu, hakuacha hata moja. Alijaribu njia zote za kurudisha faili lililofutwa, zile anazowafanyia wenzake wakipoteza kazi zao, na kompyuta ile kongwe ilikuwa imeshaandika kesi juu ya kesi mahali pale. Hapakubaki kitu cha kurudisha. Aliweka paji la uso kwenye ukingo wa meza, akakaa hivyo mpaka alipoona, chini kule, Kasuku amechora uso mkubwa wenye mdomo mwekundu unaojaza nusu ya karatasi. Macho alikuwa ameyachora mawili ya haja. Masikio hakuchora.

Ndipo alipokumbuka daftari.

Alikuwa hajalifungua tangu siku alipoliumba. Lilikuwa pale, refu, safu nne za tarakimu, linaandika kila siku ya kazi bila kukosa. Akachuja za nyumbani peke yake. Mwanzoni kabisa: sekunde tatu zimekatwa. Nne. Tatu. Tano. Nne. Kurasa nne za hivyo. Halafu siku nane hapana kitu, na hizo alizikumbuka bila kuulizwa: homa ile kali, taulo la maji, mtoto anaweweseka, yeye na mumewe wakinong'onezana kwenye simu. Siku ya tisa homa iliondoka, Kasuku akaomba uji, na mama alilia kwa furaha, akamchana nywele, wakarekodi barua ndefu ya kumwambia baba kwamba mambo yamekwisha.

Siku hiyo ya tisa Kisu alikata sekunde kumi na moja.

Kesho yake kumi na tatu. Wiki iliyofuata kumi na sita. Zilipanda kidogokidogo, zikashuka siku mojamoja, zikapanda tena. Ishirini na mbili. Thelathini. Siku ile aliyomtolea mwalimu simu mezani, arobaini na nne. Juzi barua iliingia ikiwa na dakika mbili na sekunde kumi, ikatoka na sekunde hamsini na mbili. Sekunde sabini na nane mtoto alikaa mbele ya kioo akingoja mama ainue kichwa, amwone usoni kwenye kioo, ajue ni zamu yake kujibu lile swali la kila siku, na mama alikuwa ameshika nywele, hana habari. Alihesabu kwa kalenda, mara mbili, kwa sababu alitaka akosee. Miezi saba na siku tisa.

Miezi saba. Daktari amesema wiki nne.

Sasa usimhukumu upesi kwa lililofuata. Mtu aliyefikwa na maji shingoni hushika chochote, na alichokuwa nacho mkononi yeye ni kibodi. Tarehe kwenye daftari ni maandishi tu. Mstari mmoja wa amri, herufi zisizozidi arobaini, ungesogeza kila tarehe mbele miezi sita na kitu na kufuta zitakazoipita leo, homa ikawa ya mwezi uliopita, sekunde kumi na moja zikawa za juzijuzi, na kesho saa mbili daktari angefungua kabati la dawa. Daktari anataka wiki, basi apewe wiki. Huenda dawa ikafanya kazi. Madaktari nao hukosea. Alijiambia yote hayo huku vidole vikiandika, maana vidole vyake ni vyepesi kuliko akili yake. Mstari ukakamilika. Ulikuwa sahihi, hakuwa na haja ya kuujaribu. Kidole kikakaa juu ya kitufe.

Kasuku alikuwa amechoka na rangi. Alitoka chini ya meza, akapanda mapajani kwa mama yake kama anavyopanda siku zote, akaweka kiganja kwenye koo lake, akasubiri hadithi. Koo halikutikisika. Akasubiri. Akaligonga kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Mama alikielewa kile kiganja kwa mara ya kwanza. Miezi saba hayakuwa mapenzi, au hayakuwa mapenzi peke yake. Alikuwa anamsikiliza kwa mkono.

"Nimekukosea, mwanangu," akasema. "Nimekukosea sana."

Kasuku, kiganja kooni, akatabasamu kwa sababu koo limeanza.

Mama akarudisha kidole nyuma na kufuta ule mstari, herufi baada ya herufi, mpaka ukaisha. Hakufanya hivyo kwa ushujaa wowote. Aliogopa. Dawa kali ingeingia katika mwili huu mdogo uliomlalia kifuani, iuumize kwa sababu ya tarehe aliyoibuni yeye, na akishafika hapo asingekuwa na mtu wa kumlaumu hata kwa kusingizia. Akalipa daftari amri ya kuchapishwa. Kurasa tisa zilitoka zikiwa moto, Kasuku akazikusanya kwenye trei moja moja na kumpa mama yake kwa adabu, maana hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akipewa kila anapokuja ofisini.

Jioni hiyo baba alipigiwa simu akaelezwa yote. Hakukubali yaishe. Alisema mtoto wake anamjibu kila siku, ushahidi anao kwenye simu, wenzake kambini ni mashahidi. Alisema daktari huyo amezoea kutafuta ugonjwa, atafutwe mwingine. Mkewe alimweleza habari za Kisu, akaeleza tena kwa lugha ya mitambo, akaeleza mara ya tatu. Mume akamkatiza akasema yeye haelewi mambo ya kompyuta, anaelewa sauti ya mwanawe. Wakaagana vibaya.

Asubuhi daktari alizisoma kurasa tisa zote, ncha ya kalamu ikiteremka kwenye safu ya mwisho. Ilisimama kwenye zile siku nane tupu.

"Hapa aliumwa?"

"Homa. Wiki nzima."

Kalamu ikateremka mpaka chini, ikawekwa mezani. Daktari alisema hajawahi kuletewa kumbukumbu nzuri kiasi hiki, na hakujua kwamba sifa hiyo ilimwingia mama mbavuni. Dawa hatatoa. Angeletewa karatasi hizi ndani ya mwezi mmoja tangu homa ile, wangejaribu. Sasa kilichobaki ni kifaa cha sikio la kushoto kwa muda litakaodumu, kumfundisha kusoma midomo na kuongea kwa mikono, na kuwahi. Kuwahi nini, mama akauliza, maana aliona yote yameshachelewa.

"Kuwahi maneno," daktari akasema. "Anayo mengi kwa sababu alisikia miaka minne. Lakini asiposikia anavyoyatamka, yatamponyoka. Hujaona ameanza kuacha baadhi ya sauti?"

Hakuwa ameona. Mtu ambaye mshahara wake ni kusikia maneno yaliyomezwa na mashahidi wenye mafua na kuyaandika yakiwa kamili, alikuwa anayakamilisha ya mwanawe bila kujua. Njiani kurudi nyumbani alimsikiliza Kasuku kwa mara ya kwanza kama asiyemjua, bila kumsaidia. "Mama, amaki," mtoto akasema mbele ya meza ya muuza samaki. Akamwonyesha saa kubwa ukutani: "Aa." Zile sauti za mbele zilikuwa zimekwenda, na hakuna aliyeziaga.

Alasiri alipitia kazini akamzima Kisu wa nyumbani, na Mfagizi pamoja naye, na jioni akarudi kwenye barua ya baba. Alimwogesha mtoto, akaweka kigoda mahali pake, halafu akakitandikia kioo cha kabati shuka. Kasuku aligomba, akalivuta shuka, akapewa biskuti, akakubali kukaa akiwa amenuna. Simu juu ya kitanda. Mama nyuma, chanuo mkononi.

Alimwita kwa sauti ya kawaida. Akasubiri. Mkwaruzo wa chanuo peke yake, na biskuti inatafunwa. Akamwita kwa sauti ya kutoka jikoni hadi uani. Akasubiri, safari hii akihesabu. Akamwita mara ya tatu na ya nne, akamuuliza amecheza na nani, akamwambia baba anasikiliza. Kasuku alimaliza biskuti, akakung'uta makombo kwenye magoti. Dakika mbili na sekunde kumi. Safari hii hakumngoja Tarishi wa kazini; alilituma faili zima kama lilivyo kwa simu yake mwenyewe, na likatambaa usiku kucha mpaka likafika asubuhi.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Baba Kasuku alipiga simu saa nne, wakati wao wa chai, na nyuma yake mitambo ilikuwa inanguruma.

"Faili lako limeharibika," akasema. "Nasikia unamwita, halafu kimya. Unamwita tena, kimya. Nimejaribu kwenye simu ya mwenzangu, vilevile. Hebu litume upya."

"Halijaharibika."

"Basi limekatwakatwa."

"Zilizokatwa ni zile za mwanzo, baba Kasuku. Hili ndilo zima."

Hakujibu. Yule mwanamke asiyejua kuvumilia kimya alisimama kwenye mlango wa jikoni, akaangalia sekunde zinavyoongezeka kwenye kioo cha simu, na hakusema neno la kuzijaza. Uani Kasuku alikuwa ameketi chini, amewapa mgongo, anamfokea mwanasesere wake kwa sauti yote kwa kosa la kuchafua nguo. Kumi na tano. Ishirini na tisa. Mitambo ya mgodini ikapungua, kana kwamba mtu amehama na simu kwenda mahali patulivu.

"Yuko hapo?" akauliza baba.

"Yuko hapa uani."

"Mwite. Mwite sasa hivi, nisikie mwenyewe."

Alinyoosha mkono wenye simu nje ya mlango. Akavuta pumzi, akamwita mwanawe kwa nguvu zote alizokuwa nazo kifuani, jina lile alilopewa na baba yake.

Upande wa pili wa ukuta, jirani aliyekuwa akianika nguo aliacha shati likining'inia kwa banio moja, akachungulia kuuliza kuna nini. Mbwa wa nyumba ya tatu akabweka. Kasuku akamfuta mwanasesere vumbi usoni, akamlaza mapajani, akaendelea kumsema.